Mkono wa Mbali: Kutoka Bandari ya Kale Hadi Bondeni

Dakika mbili baada ya saa tatu asubuhi, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilifyatua mizinga kulipiga kasri la Sultani mjini Unguja. Siku mbili kabla ya hapo Sultani, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alikuwa amefariki, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini kujitawaza bila idhini ya Waingereza. Vita vilikwisha kabla ya saa nne. Waandishi wangali wakibishana kama vilichukua dakika 38 au 45. Kinachonivuta mimi si ufupi wake. Ni kwamba Basil Cave, mwakilishi wa Uingereza pale Unguja, hakuthubutu kufyatua hata mzinga mmoja mpaka alipopeleka simu ya maandishi London na kujibiwa na Waziri Mkuu, Lord Salisbury. Swali lilitoka Unguja, likazama baharini, likapitia Aden. Jibu likarudi kwa njia ile ile. Mtu aliyekaa Ulaya, asiyeiona Unguja hata kwa darubini, alitoa ruhusa, na kasri likaporomoka.

Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam, akanaswa na Waingereza mwaka 1916 na kupelekwa uhamishoni. Mwishowe waliruhusu arudi pwani, naye akafia hapa kwetu Mombasa mwaka 1927. Mji huu una wageni wengi mashuhuri ambao hatuna desturi ya kuwataja, na yeye ni mmoja wao.

Njia ya ule mkono uliofika Unguja kutoka London imepita hapa kisiwani pia, na inaweza kufuatwa kwa miguu. Inaanzia Bandari ya Kale, ambako habari za ng'ambo zilishushwa pamoja na tende na mazulia, na inaishia Bondeni, ambako leo fundi wa saiba anafungua kwenye kioo chake skrini nzima ya kompyuta iliyoko nchi nyingine, anasogeza madirisha yake, anatengeneza kilichoharibika na kutoka, huku mwenye kompyuta akinywa chai yake. Kati ya ncha hizo mbili kuna mambo mawili yasiyobanduka: jibu linachukua muda gani kurudi, na waya ni wa nani.

Ngazi za Leven zinateremka majini karibu na Bandari ya Kale. Jina ni la manowari ya Kapteni William Owen, aliyetia nanga Mombasa Februari 1824 akawakuta Mazrui, watawala wa mji, wamo katika hofu ya Sayyid Said wa Omani. Walimwomba ulinzi wa Uingereza. Owen alikubali palepale kwa rai yake mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na wa kumuuliza. Akamwacha luteni kijana, John James Reitz, asimamie mji. Homa ikamwua mwaka huo huo, na jina lake likabakia kwenye hori ya Port Reitz. Wakubwa wa London walipokwisha kupokea habari, kuzijadili na kuzikataa, ulikuwa umefika mwaka 1826, ndipo bendera ikateremshwa. Kwa miaka miwili Mombasa ilikaa chini ya ahadi ambayo wenye nchi iliyotajwa ndani yake hawakuitaka. Ruhusa ya Cave ilichukua siku mbili. Tofauti ya miaka miwili na siku mbili ndiyo historia yote ninayoifuata, na sehemu kubwa yake imelala chini ya maji.

Matajiri wa mtaa wa Ndia Kuu walikuwa wamekwisha kuishi na ucheleweshaji huo karne nyingi kabla ya Owen. Barua iliyoondoka na kusi kwenda Maskati au Bombay ilijibiwa kaskazi ilipovuma, ikiwa chombo kimenusurika. Kwa mwendo huo huwezi kumwamrisha mtu chochote cha maana. Unachoweza ni kumchagua. Ndiyo maana wakala alikuwa mtu mzito. Alikabidhiwa mali pamoja na mamlaka ya kuuza, kukopesha na kudai, na mwenye mali akasubiri hesabu ya mwaka. Mkono wa mbali ulikuwa binadamu mwenye akili yake, na mara nyingine mwenye tamaa yake.

Waya ulibadilisha hilo. Mwaka 1879 Eastern and South African Telegraph Company ilikamilisha kebo ya chini ya bahari kutoka Durban, kupitia Delagoa Bay, Msumbiji na Unguja, hadi Aden, na Aden ilikuwa imekwisha kuungwa na Ulaya na Bara Hindi. Mwongo mmoja hivi baadaye tawi likavutwa kutoka Unguja kuja Mombasa. Ndani mlikuwa na uzi wa shaba uliovikwa utomvu wa miti ya Malaya, juu yake nyuzi za chuma za kuuzuia usikatwe na miamba. Ukitaka kuona heshima ya biashara ile, nenda Shangani, Unguja: hoteli ya Serena inakaa ndani ya jengo la zamani la watu wa simu za nje.

Kampuni ilitoza kwa neno. Maneno yalikuwa ghali, kwa hiyo wafanyabiashara wakajifunza kuyabana. Vilichapishwa vitabu vizima vya misimbo, kimojawapo kikiwa ABC Code cha mwaka 1873, ambamo neno moja lilibeba sentensi ndefu: bei ya pembe, idadi ya magunia, siku ya kupakia. Mpelekaji na mpokeaji walikuwa na kitabu kile kile mezani, na kilichopita kwenye waya ni kile tu ambacho mpokeaji hakukijua. Hila hiyo naomba msomaji aiweke akilini, maana tutakutana nayo tena mbele, ndani ya kompyuta.

Uwanja wa Government Square una jengo la posta ya zamani, lililofunguliwa mwaka 1899. Hapo vibarua wa Kihindi waliokuwa wakijenga reli walipeleka barua na fedha kwao. Reli yenyewe ilianza kutandikwa kisiwani mwaka 1896 na ikafika ziwani, pale panapoitwa sasa Kisumu, Desemba 1901. Nguzo za simu ziliandamana nayo maili kwa maili, kwani huwezi kuendesha magari moshi mawili kwenye njia moja bila stesheni kuambiana. Simu ya kusema kwa sauti ilikuja kwa umma Mombasa na Nairobi mwaka 1908. Wakati huo mitaa ya kisiwa ilikuwa na reli nyembamba za troli zilizosukumwa na watu. Habari ilifika kutoka ng'ambo kwa umeme, na bwana aliyeisoma akarudi nyumbani kwa jasho la wengine wawili.

Naruka miaka mingi hapa, kwa sababu kwa mada yangu haikuwa na jipya kubwa: waya ule ule, kampuni zikibadilisha majina. Jipya lilikuja mwaka 1970 bara, chini ya mlima Longonot, kilipofunguliwa kituo cha kuwasiliana kwa setilaiti. Kutoka hapo sauti ya Kenya ilirushwa angani badala ya kuzamishwa. Ilikuwa fahari ya wakati wake. Lakini setilaiti ya aina ile huelea kilomita 35,786 juu ya ikweta, na mawimbi ya redio hayana haraka kupita mwanga. Kupanda na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,000, yaani karibu robo ya sekunde; jibu nalo hufunga safari hiyo hiyo, ikawa nusu sekunde kabla hata mashine hazijafanya kazi yoyote. Mtu anayezungumza na nduguye anaweza kuvumilia nusu sekunde. Anayesogeza mausi hawezi. Unausukuma mkono, mshale umesimama. Unausukuma tena, mishtuko yote miwili inafika pamoja, na umeshafuta faili usiloliona.

Sasa sharti nitoke Mombasa kidogo. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT, Marekani, kulikuwa na mradi ulioitwa Athena, ulioanzishwa mwaka mmoja kabla yake kwa msaada wa kampuni za Digital na IBM. Chuo kilikuwa na kompyuta za aina mbalimbali zisizoelewana, nao walitaka mwanafunzi akae mbele ya yoyote aone kazi yake. Bob Scheifler na Jim Gettys walichukua mfumo wa madirisha ulioitwa W, uliotoka Stanford, wakaurekebisha na kuuita X, herufi inayofuata. Septemba 1987 lilitoka toleo la 11, na itifaki ya toleo hilo ingali ikitumika.

Walichokiamua wale wawili ni kwamba programu haina haja ya kujua kioo chake kiko wapi. Programu inasema "chora mstari hapa, andika maneno haya pale", na maagizo hayo yanaweza kwenda kwenye kioo cha mezani au kwenye kioo cha jengo la pili. Kinachowachanganya wanafunzi mpaka leo ni majina: katika X, seva ni ile mashine iliyo mbele yako, kwani ndiyo inayotoa huduma ya kioo na kibodi, programu iliyoko mbali ndiyo mteja. Mombasa tungeelewa upesi. Mwenye bandari ndiye mhudumu, hata kama shehena yote ni ya watu wa nje.

X ilitolewa bure, pamoja na msimbo wake, kwa leseni isiyomdai mtu chochote zaidi ya kutaja wenyewe. Richard Stallman alikuwa amekwisha kutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha Linux. Vitatu hivyo vilipokutana, mtu wa kawaida aliweza kuwa na kompyuta kamili, yenye madirisha, ambayo hakuna kampuni iliyoshika ufunguo wake, na ambayo tangu kuzaliwa ilijua kuonyesha kioo chake mahali pengine.

Kasoro ya X ilikuwa maneno mengi. Dirisha moja likifunguliwa, pande mbili huulizana na kujibizana mara nyingi, na kila swali husubiri jibu. Ndani ya jengo moja hakuna anayehisi. Kwenye setilaiti, nusu sekunde ikizidishwa kwa maswali mia, utaenda kusali Dhuhuri urudi ukute menyu ingali ikifunguka.

Waingereza wa Cambridge walikata shauri kwa njia nyingine. Katika maabara ya Olivetti, ambayo baadaye ilimilikiwa pia na Oracle, Tristan Richardson, Quentin Stafford-Fraser, Kenneth Wood na Andy Hopper waliunda kitu walichokiita VNC na kukitoa kwa umma mwaka 1998. Wao hawakupeleka maagizo ya kuchora. Walipeleka picha yenyewe, na si picha nzima: ni vipande vya mstatili vilivyobadilika tu tangu mara ya mwisho. Mtazamaji akiwa tayari huomba, seva humpa kilichobadilika. Dirisha likivutwa pembeni, seva haipeleki picha yake upya; husema tu "kipande kile ulicho nacho, kihamishie pale". Baadaye Constantin Kaplinsky, katika TightVNC, aliongeza ubanaji mkali zaidi kwa njia nyembamba. Wale matajiri wa pembe na vitabu vyao vya ABC wangetikisa kichwa kwa kuridhika: pande zote mbili zina kitabu kimoja, na kinacholipiwa ni kile tu ambacho mwenzako hajakijua.

 

Waliitoa VNC kwa leseni huria ya GPL, na hilo lilikuwa na uzito kuliko walivyodhani. AT&T iliinunua maabara mwaka 1999 na kuifunga mwaka 2002. Kama msimbo ungekuwa mali ya kampuni peke yake, habari ingeishia hapo, kama zilivyoishia nyaya ngapi za kampuni ngapi. Badala yake baadhi ya wale waliofukuzwa kazi waliunda RealVNC, wengine duniani wakaendeleza matawi yao, na itifaki ikaendelea kana kwamba hakuna mlango uliofungwa. Jambo hilo lilijirudia. Waitaliano wa NoMachine walitoa mwaka 2003 kitu kilichoitwa NX, kilichopunguza yale maulizano ya X na kuyabana hata yakapita kwenye simu ya kawaida. Baadaye matoleo yao mapya yakafungwa. Wengine wakachukua sehemu zilizokuwa huria, na mradi wa X2Go ungali hai.

Huku kwetu mwaka 1998 ndio Jambonet ilipoanzishwa na shirika la posta na simu la Kenya, ikawa mlango mkuu wa intaneti ya nchi kwenda nje. Mwaka uliofuata shirika lilivunjwa, na Telkom Kenya ikarithi mlango pamoja na haki ya kuwa peke yake mlangoni. Watoa huduma wengine walichoka kuona barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili ikipanda setilaiti, kuvuka bahari na kurudi. Novemba 2000 wakafungua kituo chao cha kubadilishana data, KIXP. Telkom ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa, na tume ya mawasiliano ikaamuru kifungwe. Kilirudi kufanya kazi Februari 2002, baada ya mabishano marefu kuhusu jambo ambalo kwa macho ya kawaida ni swichi moja ndani ya chumba kimoja. Muda wa jibu kati ya majirani ulishuka kutoka sekunde moja au mbili hadi sehemu ndogo ya sekunde. Mombasa nayo ilikuja kupata kituo.

Sina chuki na Telkom ya wakati ule. Ilikuwa inafanya kile ambacho ile Eastern and South African Telegraph Company ilifanya. Anayemiliki njia ya pekee hutoza, na akitishiwa hufunga. Lakini hapa ndipo ninapoona hizi programu huria zilivyokuwa jambo la ajabu kwa mji kama wetu: waya siku zote ulikuwa wa wengine, ila kile kilichopita juu yake kwa mara ya kwanza kilikuwa cha yeyote.

Wenye saiba za miaka ile walilitumia hilo kwa namna isiyohitaji bahari. Jim McQuillan, Mmarekani, alianzisha mwaka 1999 mradi wa LTSP. Kompyuta moja yenye nguvu inakaa pembeni; nyingine zote, kuukuu, hata zisizo na diski, zinakopa kazi kwake na kuonyesha picha tu. Kila mteja anadhani ana kompyuta yake, kumbe wote wamo ndani ya moja. Virusi haviingii mashine isiyo na diski, na fundi anatengeneza moja badala ya kumi. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa Jambo OpenOffice, matunda ya mradi wa Kilinux, na mtu akaweza kufungua faili, kuhariri na kuchapisha kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Nikitoka Mji wa Kale nashika Digo Road kuelekea kaskazini, Marikiti na harufu yake ya viungo ikibaki nyuma. Chini ya bahari niliyoipa mgongo mambo yaligeuka mwaka 2009. Juni mwaka huo Rais Mwai Kibaki alikuja Mombasa kupokea kebo ya TEAMS, iliyotoka Fujairah kwenye Ghuba, kiasi cha kilomita 5,000. Tarehe 23 Julai ikawashwa SEACOM, kilomita 17,000 hivi, ikiunga Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na India na Ulaya. EASSy ilifuata mwaka 2010, LION2 mwaka 2012. Atakayetazama ramani ataona faiba hizi zinafuata ukanda ule ule wa jahazi, na TEAMS ndiyo inayoshangaza zaidi: Mombasa na Ghuba, bila kupinda.

Mwanga ndani ya kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita 5,000 ni sehemu 25 za elfu ya sekunde, kwenda na kurudi 50. Nusu sekunde ya setilaiti ikagawanywa kwa kumi, na mausi ikawa mausi kweli. Kazi ambayo mwaka 2005 ingekuwa mateso, kufungua eneokazi la mashine ya ng'ambo na kulifanyia kazi, ikawa jambo la kila siku. Nani aligundua kwanza hapa mjini hakuna atakayekwambia. Kila fundi anadhani ni yeye.

Isisahaulike kwamba kebo ni kitu cha kushikika. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, na TEAMS ikakatika, siku chache tu baada ya nyaya nyingine kukatika katika Bahari ya Shamu. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kusini, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikachechemea kwa siku kadhaa. Nanga inatosha kuurudisha mji zama za Owen, walau mpaka meli ya ukarabati ifike.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 8 Aprili Mombasa ilifungwa isitoke wala kuingia mtu, na tarehe 6 Mei serikali ikaufunga Mji wa Kale peke yake ndani ya mji uliofungwa, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, mpaka mapema Juni. Mwenye ofisi upande mmoja wa kizuizi na nyumba upande wa pili alikuwa mbali na meza yake kuliko mtu wa Dubai. Walioiacha kompyuta ya kazini ikiwaka, yenye mlango wa kuingilia kwa mbali, waliendelea na hesabu zao sebuleni. Walioizima walipiga simu kwa mafundi, wakaambiwa ukweli mchungu: ukishazima mashine, hakuna itifaki ya kunyoosha mkono na kubonyeza kitufe, isipokuwa iliandaliwa hivyo mapema.

Digo Road inageuka Abdel Nasser Road, na hapa ndipo Bondeni. Mabasi ya Malindi na Lamu yananguruma, wapiga debe wamekauka sauti, mahamri na mbaazi vinauzwa mpaka jua kali. Saiba za siku hizi haziuzi tena dakika za intaneti kama zamani. Kila mtu ana bando mfukoni. Zinauza ujuzi: fomu za eCitizen, marejesho ya kodi, kuchapa, kupiga nakala, na kutengeneza kompyuta za watu waliozichoka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 2025, na mashine nyingi ambazo haziwezi kupanda toleo linalofuata zimegeuzwa Linux kwenye meza kama hizi.

Fundi anayejua kazi hafungui VNC wazi wazi ikatazamwa na dunia. Neno la siri la VNC ya kale lilihesabu herufi nane tu, na kilichofuata baada ya hapo kilipita bila kufichwa. Kwa hiyo kwanza anachimba njia iliyofungwa kwa SSH, ile aliyoitunga Tatu Ylönen katika chuo cha ufundi cha Helsinki mwaka 1995, baada ya mtu kuvizia maneno ya siri katika mtandao wa chuo chake. Ndani ya njia hiyo ndipo anapopitisha picha. Anayeona huo ni usumbufu na atazame kumbukumbu za seva yoyote iliyoachwa na mlango namba 22 wazi: majaribio ya kubahatisha neno la siri yanabisha usiku kucha kutoka nchi ambazo mwenye seva hatazifika.

Nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye stuli ya saiba, kompyuta ya duka lake ikiwa mezani kwa fundi. Mwanawe yuko Maskati na ndiye anayemfanyia hesabu, akiingia kwenye mashine ya dukani kutoka huko. Hesabu zilikuwa sawa, alisema, na mtoto hana neno. Kilichomsumbua ni kukaa dukani akaona mshale unatembea wenyewe, madirisha yanafunguka, na wateja wanatazama.

Fundi, ambaye alimwita ami kama vijana wa huku wanavyowaita watu wa rika lile, alimweleza kilichobadilika. Zamani, chini ya X, programu yoyote iliyoruhusiwa kwenye kioo iliweza kuona kila kitu kilichomo na hata kubonyeza kwa niaba yako. Mfumo wa Wayland, ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, unazuia hilo: dirisha moja halilioni jingine, na anayetaka kutazama kioo kizima sharti aombe, na mwenye mashine akubali. Tangu toleo la 42 la eneokazi la GNOME, la mwaka 2022, kuingia kwa mbali kumo ndani ya mipangilio yenyewe, kwa itifaki ya RDP iliyofichwa, na alama inawaka juu ya kioo muda wote mgeni akiwa ndani.

Mzee aliuliza kama mwanawe anaweza kuingia bila yeye kukubali. Fundi akamjibu kwamba inategemea anavyotaka yeye: yako mambo mawili, kumpa mtoto neno lake la siri aingie wakati wowote, au kumlazimisha aombe kila mara. Mzee akachagua la pili bila kufikiri. Apige hodi kwanza, alisema, hata mimi nyumbani kwake napiga hodi. Fundi akabadilisha mpangilio, akampigia kijana simu Maskati ajaribu, na wote watatu wakasubiri kisanduku kitokee kwenye kioo. Kilitokea mara moja. Mzee akavaa miwani, akakisoma chote, akabonyeza kukataa, kisha akaichukua simu ya fundi kumwuliza mwanawe mbona hajasalimia.